Laptopu mbili, zote RTX 4060, mbona moja inapaa na nyingine inajivuta?

Swali hili linarudi kila mara kwenye magrupu ya laptopu na majibu yake huwa vurugu tupu. Mtu kanunua mashine yenye stika ya RTX 4060, yani kadi ya grafiksi ya kampuni ya Nvidia, mshkaji wake ana ya kampuni nyingine yenye stika hiyohiyo, wanafungua gemu lilelile kwa setingi zilezile, mmoja anacheza kama anateleza na mwingine fremu zinashuka mpaka anaanza kulaumu bando. Hapo ndo maneno yanaanza: umeuziwa feki, draiva zako mbovu, prosesa ndo inakuangusha, mi nilikwambia chukua 4070. Kuna siku kweli inakuwa draiva. Ila mara nyingi hakuna feki wala ubovu, kadi zote mbili ni halali kabisa, na zinatofautiana kwa sababu Nvidia wenyewe wameruhusu zitofautiane.

Nimeichagua RTX 4060 makusudi. Iliingia kwenye laptopu mwanzoni mwa 2023, sio kadi ya matajiri na sio ya kubahatisha, ndo ile ya katikati ambayo mwanafunzi anaye-edit video mchana na kucheza FC, lile gemu la mpira, usiku anaipigia hesabu. Mengi ya humu yanaihusu pia 3060, 4050 na hizi 5060 za 2025, namba tu ndo zinabadilika.

Tuelewane maneno kwanza

GPU ni chipu inayochora picha. Gemu sio muvi, hakuna picha iliyorekodiwa ikasubiri, kila kitu kinachorwa palepale kulingana na ulichobonyeza, na kila picha moja inayochorwa ndo fremu. FPS ni fremu ngapi zinatoka kwa sekunde moja. Ukiwa na FPS 30 kila fremu ina milisekunde kama 33 za kuandaliwa, ukiwa na 60 zinabaki kama 16.7, ukifika 144 ni chini ya 7. Ndo maana kutoka 30 kwenda 60 jicho linaona hapohapo, ila kutoka 144 kwenda 165 wengi wetu tunajidanganya tu kwamba tunaona.

VRAM ni memori ya GPU yenyewe, tofauti na ile RAM ya kompyuta. Humo ndo zinakaa picha za kuta, nyasi, nguo za wachezaji, ngozi za bunduki na makorokoro mengine yote ambayo GPU inataka iyafikie haraka. Resolusheni ni idadi ya nukta, yani pikseli, kwenye picha. 1080p ina pikseli kama milioni 2.07, 1440p ina kama milioni 3.69, 4K inafika milioni 8.29. Kwa hiyo 4K ni kazi mara nne ya 1080p kwa kila fremu, na hapo bado hujagusa setingi yoyote.

Halafu kuna TGP, na hii ndo kiini cha ugomvi wote. TGP ni wati ngapi kadi inaruhusiwa kula.

Chukulia mama anayepika chapati asubuhi wateja wamejipanga. Chapati inayotoka ni fremu. Kikaango ni GPU, moto chini yake ni wati, meza ya kuwekea zilizosukumwa ni VRAM, na yule binti anayekata madonge na kusukuma ni prosesa. Kikaango kinaweza kuwa kilekile, unene uleule, kiwanda kilekile, ila kimoja kimekaa kwenye gesi iliyofunguliwa yote na kingine kwenye mkaa unaotaka kuzima, sasa ukihesabu chapati baada ya nusu saa utashangaa nini? Na binti akiwa mzito, kikaango kinakaa kitupu kinasubiri, hata uongeze gesi namna gani. Na meza ikijaa, zilizosukumwa zinapelekwa chumba cha pili na kila moja inafuatwa kwa miguu. Na mteja akitaka chapati kubwa mara nne, usitegemee idadi ileile.

Jina moja, wati kibao

RTX 4060 ya laptopu ina CUDA core 3072, yani vijichakataji vidogo ndani ya chipu, VRAM ya GB 8 na njia ya memori ya biti 128. Hayo ni yaleyale kwenye laptopu zote. Kisichokuwa sawa ni wati: Nvidia wanamruhusu mtengenezaji aiweke popote kati ya wati 35 na 115, na juu yake kuna kitu kinaitwa Dynamic Boost kinachoweza kuiazima wati mpaka 25 kutoka upande wa prosesa pale prosesa inapokuwa haina kazi nyingi. Kwa hiyo chipu ileile unaweza kuikuta kwenye laptopu nyembamba ya kubeba ofisini ikiwa imefungwa kwenye wati 50 au 60, na kwenye dude zito la gemu lenye feni mbili kubwa ikiandikwa mpaka 140. Kwenye kasi ya mapigo ya chipu wenyewe wanaandika kuanzia MHz 1470 mpaka 2370. Angalia huo upana. Ni kadi mbili zimefungiwa jina moja.

Zamani kidogo ilikuwa afadhali. Kuanzia 2017 zile za kubanwa wati ziliitwa Max-Q, ukiona neno hilo mwishoni mwa jina unajua hii imepunguzwa makali. Kizazi cha RTX 30 kilipoingia laptopu mwaka 2021 wakaliondoa kwenye jina la kadi, watu wakalalamika, Nvidia wakasema watengenezaji watatakiwa kuandika wati na kasi kwenye kurasa zao za bidhaa. Wengine wanaandika vizuri kabisa, wengine wanaificha chini kabisa kwa herufi ndogo, na ikishafika dukani karatasi ya muuzaji inasema tu "RTX 4060, i7, 16GB, 512GB". Mi naona hiyo karatasi haijasema kitu.

Kuna mkanganyiko mwingine wa jina unaofanana na huo, wa laptopu na kompyuta ya mezani. Watu wanaangalia video ya jamaa anatesti RTX 4090 ya mezani halafu wanategemea laptopu ya 4090 ifanye vile. Ya mezani ina core 16384, VRAM GB 24 na inakula wati 450. Ya laptopu ina core 9728 na GB 16, ni chipu nyingine kabisa ndogo. Kwa 4060 hali sio mbaya hivyo, ya mezani na ya laptopu zina core zilezile 3072 na ya mezani inakula wati 115, kwa hiyo laptopu yenye wati za kutosha inaisogelea kwa karibu. Hiyo ni moja ya sababu naipenda, jina lake halidanganyi sana kama wakubwa zake.

Sasa usikimbilie wati 140

Hapa ndo wadau wengi wanaruka kutoka kosa moja kwenda lingine. Wakishajua habari ya TGP wanaanza kuidharau laptopu yoyote isiyoandikwa 140, wanaongeza hela nyingi kwa ajili ya hiyo namba. Kwa 4060 haina maana. Chipu hii ndogo ikishafika kwenye wati mia hivi inakuwa imeshafika karibu na mwisho wa kasi na volteji iliyopangiwa, kwenye gemu nyingi hata ukiipa ruhusa ya 140 haizili. Tofauti ya 115 na 140 utaitafuta kwa tochi.

Sababu yake ni hivi. Ili chipu ikimbie zaidi inahitaji volteji zaidi, na umeme unaoliwa unapanda kwa kasi kuliko spidi inayopatikana, kwa sababu volteji ikipanda kidogo ulaji unapanda kwa mraba wake. MHz za mwanzo ni rahisi, za mwisho ni ghali kinoma. Kwa hiyo ukitoka wati 45 kwenda 80 unapata kitu cha maana sana, ukitoka 80 kwenda 100 unapata kidogo, ukitoka 115 kwenda juu unapata joto na kelele za feni. Kama nachagua mimi, nachukua 4060 ya wati 90 yenye feni nzuri na kioo kizuri, namuachia mwingine ile ya 140 yenye kioo cha rangi zilizopauka.

Ila ya wati 45? Hiyo naikataa kama lengo ni gemu. Kama unataka laptopu nyepesi ya kazi ambayo na gemu inajitahidi, sawa, chukua kwa moyo mmoja, lakini usije ukalinganisha na ya mshkaji.

"Ina graphics 8GB" ya muuzaji

Hii inawaumiza watu wengi kuliko hata habari ya wati. Unaenda dukani, Kariakoo au Luthuli pale Nairobi, unaambiwa laptopu hii ya mtumba ina grafiksi GB 8, bei iko chini, unajiona umeokota. Kumbe ni laptopu ya ofisini yenye Intel Iris Xe au UHD ya ndani ya prosesa, haina kadi ya grafiksi yoyote ya kujitegemea. Hiyo GB 8 imetoka wapi? Windows huwa inaruhusu grafiksi ya ndani iazime mpaka kama nusu ya RAM ya kompyuta, sasa mashine yenye RAM GB 16 inaonyesha memori ya grafiksi GB 8 hivi. Muuzaji anafungua ukurasa wa mipangilio ya kioo anakuonyesha namba kwa macho yako, na wala sio lazima awe mwongo, wengine wanaamini hivyo kabisa.

Dawa ni ya sekunde kumi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka ingia Performance, shuka mpaka GPU. Kama kuna GPU 0 na GPU 1, moja ni ya ndani na nyingine ndo kadi yenyewe, na jina lake limeandikwa pale juu. Soma mstari wa memori ya Dedicated, hiyo ndo yake. Ule wa Shared ni wa kuazima, uache. Kama hakuna Nvidia wala kadi nyingine ya kujitegemea kwenye orodha, basi hakuna, mazungumzo yaishie hapo.

Ndugu wa karibu wa mkanganyiko huu ni zile laptopu za kazi nzito, HP ZBook na Dell Precision, zinazokuja kwa wingi kutoka nje zikiwa zimetumika. Zinauzwa kama za gemu kwa sababu zina neno Quadro. Ni mashine imara na mi sizipondi, ila Quadro T2000 kwa mfano ina core 1024 na VRAM GB 4, ni chipu ya familia moja na GTX 1650. GTA V itaenda safi, FC kwa setingi za kati itaenda. Lakini haina DLSS, ujanja wa Nvidia wa kuongeza fremu nitakaoueleza chini, wala ray tracing, ule uchoraji wa mwanga na maakisi kama ya kweli, na bei yake isikaribie ya 4060 hata kidogo.

Turudi kwenye GB 8 halisi za 4060. Zinatosha? Kwa 1080p, gemu nyingi zinatosha. Tatizo linakuja kwenye gemu kubwa za miaka hii ukiweka muonekano wa kuta na vitu, ile setingi ya texture, kwenye Ultra. The Last of Us Part I ilipokuja kwenye PC Machi 2023 watu wa kadi za GB 8 walilia sana. Kinachotokea ni kwamba VRAM ikijaa vitu vinahamishiwa kwenye RAM ya kawaida. Memori ya 4060 inasoma data kama GB 256 kwa sekunde, ila njia ya kutoka kwenye RAM kuja kwenye kadi ni PCIe 4.0 ya laini nane ambayo ni kama GB 16 kwa sekunde. Kutoka 256 kwenda 16, ndo maana gemu halipungui spidi taratibu, linakwama ghafla, linatembea, linakwama tena, na ukiangalia wastani wa FPS unaona 70 nzuri tu unashangaa mbona nasikia vibaya. Usiangalie wastani peke yake. Angalia na ile namba ya asilimia 1 ya chini, inayokuambia fremu mbovu kabisa zilikuwa mbovu kiasi gani. Na dawa hapa ni kushusha texture hatua moja, kutoka Ultra kwenda High, macho yako hayatajua ila kadi itapumua.

Vitu vinavyokula fremu bila wewe kujua

Chaja ni ya kwanza na ndo inayodharauliwa kuliko zote. Laptopu nyingi za 4060 zinakuja na chaja ya wati 200 na kitu, lile tofali. Kwenye mtumba chaja original mara nyingi imepotea njiani, unapewa ndogo ya Type-C ya wati 65 au 100 "inachaji vizuri tu bosi". Inachaji kweli. Lakini mashine ikigundua umeme unaoingia ni mdogo inajibana yenyewe, na 4060 yako inakuwa haina tofauti na kadi ya hali ya chini. Vilevile kwenye betri: ukicheza umeme ukakatika katikati ya mechi FPS zinadondoka palepale, sio ugonjwa. Betri za laptopu zinaishia chini kidogo ya Wh 100 kwa sababu ya sheria za ndege, sasa mashine inayokula wati 150 ingeimaliza hiyo kwa kama dakika arobaini, na betri yenyewe haipendi kukamuliwa kwa nguvu hivyo, kwa hiyo watengenezaji wanaikata makali makusudi.

Joto ni la pili, na kwetu pwani ni kesi yake yenyewe. Testi nyingi unazoziona kwenye intaneti zimefanywa kwenye chumba cha nyuzijoto 22 hivi. Dar au Mombasa mwezi wa pili chumba kisicho na AC kinakaa 31, 32. Feni haiwezi kuipoza chipu chini ya joto la hewa inayoivuta, kwa hiyo zile nyuzi kumi za ziada zinaongezeka karibu zote moja kwa moja kwenye chipu. GPU ikifika kwenye themanini na kitu, karibu na 87, inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Ukiongeza vumbi lililojaa kwenye mapezi na ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka baada ya miaka mitatu, unapata laptopu inayocheza vizuri dakika kumi za mwanzo halafu inaanza kuzubaa. Dalili ni hiyo hasa: mwanzo mzuri, mwisho mbaya. Kitandani juu ya godoro usiseme, matundu ya hewa yako chini na umeyaziba na shuka. Inyanyue nyuma hata na vizibo viwili vya chupa, hewa ipite.

RAM moja badala ya mbili ni kitu kingine. Wauzaji wanaweka kijiti kimoja cha GB 16 kwa sababu ni rahisi, prosesa inabaki na njia moja ya kusomea badala ya mbili. Kwenye gemu zinazotegemea prosesa, kama CS2 na Valorant, utaona fremu za chini zinaumwa. Kuongeza kijiti cha pili kinachofanana ni kati ya maboresho ya bei ndogo unayoweza kufanya.

Na la mwisho ni la ujanja kidogo. Kwenye laptopu nyingi kioo hakijaunganishwa na kadi ya Nvidia moja kwa moja, kimeunganishwa na grafiksi ya ndani, Nvidia ikimaliza kuchora fremu inampa mwenzake ndo apeleke kwenye kioo. Mzunguko huo unakula fremu, hasa FPS zikiwa nyingi. Laptopu zenye MUX switch zinakuwezesha kumruka huyo wa kati. Kama yako haina, jaribu kuchomeka monita ya nje, maana tundu la HDMI kwenye laptopu nyingi za gemu limeungwa kwa Nvidia moja kwa moja.

Kwa hiyo tutegemee nini?

4060 yenye wati za kutosha, kwa 1080p, gemu kubwa zinaenda High kwa FPS 60 na kuendelea. FC, GTA V, Valorant, Fortnite bila mbwembwe za ray tracing, unacheza juu ya 100 na prosesa ndo itakuwa kikwazo kabla ya kadi. 1440p inawezekana ukikubali kushusha vitu viwili vitatu au kuwasha DLSS. Cyberpunk 2077 na ule mwanga wa path tracing waliouleta 2023, bila msaada wa DLSS haichezeki, usijisumbue.

DLSS yenyewe ina mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. La kwanza ni kuchora picha ndogo halafu kuikuza kwa akili bandia. Hilo ni faida halisi, kadi inachora pikseli chache, fremu zinatoka haraka zaidi. La pili, lililokuja na RTX 40, ni kutengeneza fremu za katikati ambazo gemu lenyewe halijazichora. Hapo kaunta inaonyesha 110 ila gemu linakusikiliza kana kwamba iko 55, tena linachelewa kidogo zaidi. Kama ulikuwa na 60 halisi inapendeza, picha inalainika. Kama ulikuwa na 25, unapata video laini ya gemu zito mkononi. Januari 2025 bosi wa Nvidia, Jensen Huang, alisema jukwaani kwamba RTX 5070 ya dola 549 ina uwezo wa 4090, na hesabu hiyo ilisimama juu ya fremu za kutengenezwa, mpaka tatu kwa kila moja iliyochorwa. Ukisikia muuzaji anakutajia FPS, muulize kwanza hizo ni za kuchorwa au za kujazia.

Na yule aliyesema ungechukua 4070? Ya laptopu ina core 4608, nusu zaidi ya 4060, ila VRAM ni GB 8 zilezile, njia ya memori ni biti 128 ileile, na wati ni 35 mpaka 115 zilezile. Core nyingi zinagawana moto uleule na meza ileile. Inashinda ndio, ila kwa pengo dogo kuliko namba zinavyotangaza, na 4070 iliyobanwa wati inapigwa na 4060 iliyoachiwa. Tofauti ya bei ikiwa kubwa, hela hiyo iende kwenye RAM na kioo.

Ukiwa dukani, na ukiwa umeshanunua

Ukiwa bado hujalipa, chomeka chaja yake inayouzwa nayo, soma wati zilizoandikwa kwenye tofali. Fungua Nvidia Control Panel, kona ya chini kuna System Information, laptopu nyingi zinaonyesha hapo wati za juu kabisa za kadi. Halafu washa gemu au testi yoyote ya grafiksi kama FurMark na iache robo saa, sio dakika mbili, huku programu ya HWiNFO inakuonyesha wati inazokula kweli na joto. Muuzaji akikataa robo saa, mwachie laptopu yake.

Ukiwa umeshanunua na ni ya wati chache, usivunjike moyo. Funga FPS kwenye 60 ili isipoteze moto kuchora fremu ambazo huzihitaji. Shusha vivuli, ukungu na maakisi kabla ya kugusa kingine, hivyo ndo vinakula sana na huvioni katikati ya mechi. Kisha angalia modi ya umeme ya mtengenezaji, sio ya Windows. Lenovo Legion ni Fn na Q, ASUS nyingi ni Fn na F5, wengine wana programu yao. Laptopu za mtumba nyingi zinafika zikiwa kwenye modi ya kimya aliyoiacha mwenye nayo wa kwanza, kadi imefungwa kwenye wati za chini, na mnunuzi mpya anatafuta fundi wa kumbadilishia pesti wakati dawa ni vitufe viwili.